Nasinzia kila somo la saa nane: ni chakula, au ni mimi?

Swali: "Jambo sana Mama Mtaalamu. Mimi ni msichana, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Lubumbashi, nina miaka 19. Naishi komini ya Katuba, nasomea chuo, kampasi ya Kasapa. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mara nyingi sijatia kitu mdomoni ila chai ya sukari. Masomo yanaanza saa mbili mpaka saa sita, tunapewa pauzi, halafu tunarudi auditwari, ule ukumbi wa masomo, saa saba mpaka saa kumi. Pauzi inamalizikia kwenye foleni, kwa hiyo nanunua mandazi manne na sukre (soda) ya baridi, nakula nikitembea. Ikifika saa nane sisikii tena profesa anasema nini. Kichwa kinaanguka chenyewe. Wiki iliyopita asistanti alinisimamisha mbele ya watu, akasema wavivu wabaki nyumbani. Fedha yangu ya kula ni faranga 2,000 kwa siku, zikizidi sana ni 2,500. Nile nini? Au shida ni mimi mwenyewe?"

Jambo sana, mwanangu. Nianze na neno la mwisho la barua yako, maana ndilo linalouma. Mtu mvivu haamki Katuba kabla jua halijatoka, akagombania gari mpaka mjini, akagombania la pili mpaka Kasapa, siku tano au sita kwa wiki. Kusinzia kwako kuna sababu, na sababu hizo zinajulikana. Nyingi unaweza kuzirekebisha kwa faranga hizo hizo ulizo nazo. Moja inataka kipimo cha damu. Hiyo nitaiweka mwisho ili usiisahau.

Saa nane mchana kila mtu anashuka. Ndani ya ubongo kuna saa inayopanga usingizi na kuamka, na saa hiyo, mbali na usingizi mkubwa wa usiku, huwa na bonde dogo la mchana, kati ya saa saba na saa tisa hivi. Watu waliochunguzwa maabara bila kupewa chakula cha mchana walilishuka bonde hilo vilevile. Kwa hiyo tumbo peke yake halibebi lawama yote. Hata asistanti aliyekusimamisha alikuwa ndani ya bonde hilo saa ile ile. Kilichomsaidia ni kwamba yeye alikuwa amesimama, anatembea na anasema, na wewe ulikuwa umekaa kimya kwenye benchi, umebanana na watu, hewa imekuwa nzito.

Lakini kina cha bonde hakilingani kwa kila mtu. Kwa aliyelala vizuri ni mteremko mdogo, kwa aliyelala kwa muda wa saa tano tu ni shimo. Hukuniambia unalala saa ngapi. Nimefundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza muda wa kutosha, nami nadhani unalala saa sita usiku au kupita hapo, hasa siku umeme unaporudi usiku na kila mtu anakimbilia kuchaji simu na kunakili noti. Ukiwa macho, ubongo unakusanya kitu kinachoitwa adenosini, ndicho kinachovuta usingizi, na kulala ndiko kunakokisafisha. Mtu mzima anahitaji saa 7 za usingizi au zaidi. Ukilala saa sita na kuamka saa kumi na moja, unaingia auditwari na deni la jana, na deni hilo linadaiwa saa nane mchana. Hakuna sahani ya bukari (ugali) inayolilipa.

Sasa tuje kwenye mandazi na sukre.

Mandazi ni unga mweupe wa ngano, sukari na mafuta. Chupa ya soda ya mililita 330 hubeba takriban gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vya chai vinane au tisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isifike sehemu ya kumi ya nguvu zote za chakula cha siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Kwa mtu wa kawaida nusu hiyo ni kama gramu 25. Kwa hiyo chupa moja tu imeshapita, na bado hatujahesabu chai ya asubuhi wala sukari iliyomo ndani ya mandazi.

Najua watu wanasema sukari inaamsha. Hata mimi niliamini hivyo nilipokuwa mwanafunzi, nikinunua chupa kabla ya mtihani kama mtu anayenunua dawa. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza na Ujerumani walikusanya majaribio 31, yenye watu zaidi ya 1,200, wakatafuta kama vyakula vya namna hiyo kweli vinainua moyo na akili. Hawakuona hali ya moyo ikiinuka hata kidogo. Walichoona ni kwamba ndani ya nusu saa watu walisema wamechoka zaidi, na ndani ya saa moja umakini ulikuwa umepungua kuliko wa wale waliopewa kinywaji kisicho na sukari. Kuna pia kundi la seli ubongoni zinazotoa kitu kiitwacho oreksini, na kazi yake ni kutuweka macho. Kwa wanyama wa maabara, glukosi inazituliza seli hizo, na viini vya protini vinaziamsha. Hesabu mwenyewe: unakula saa sita na nusu, unakaa saa saba, saa nane imefika. Umelima usingizi wako na kuuvuna palepale.

Hapo wengi wanakosea wakifikiri dawa ni kuacha kula mchana. Usifanye hivyo. Ubongo ni kama sehemu 2 kwa 100 za uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia unakula karibu sehemu 20 kwa 100 ya nguvu zote. Kwa siku unatumia kama gramu 120 za glukosi. Unaihitaji hiyo glukosi, ila unahitaji ije kidogo kidogo, kama maji ya bomba lililofunguliwa nusu. Kinachoifanya ije polepole ni nyuzinyuzi, mafuta kiasi, na hasa protini inayoliwa pamoja na wanga.

Nataka nikukumbushe neno moja la mji wetu: poso. Babu zetu walioletwa kuchimba shaba, enzi za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, walipimiwa chakula cha wiki, na chakula hicho kiliitwa poso. Unga, karanga, maharagi, mafuta ya mawese, chumvi, samaki au nyama. Mpaka leo wazee wengine wakitaka kusema wiki wanasema poso. Kampuni haikupima vile kwa huruma. Ilikuwa imejua kwamba mwenye njaa hachimbi. Nawe unafanya kazi ngumu, mwanangu, na hakuna anayekupimia. Nataka ujipimie mwenyewe, na ujipimie kwa wiki nzima badala ya kusubiri saa sita ya kila siku ukiwa na njaa, haraka na noti mkononi. Mtu mwenye njaa kwenye foleni hununua kilicho karibu na kilicho kitamu. Nimeliona hilo kwa wanafunzi, kwa madaktari, na kwangu mwenyewe.

Ukipima hivyo, utaona kwamba tatizo lako kubwa la chakula lipo saa kumi na mbili asubuhi, kabla hujafika kwenye mandazi. Kutoka chakula cha usiku mpaka saa sita mchana unakaa saa kumi na tano au kumi na sita na chai tu. Ukifika kwenye pauzi mwili unalia sukari, nawe unaupa. Kula kitu kabla ya kutoka, hata kidogo. Nyumba nyingi za Katuba zinapika bukari usiku. Kama unabaki, na mmeuweka kwenye friji usiku ule ule, kipande chake kilichopashwa kwenye babula (jiko la makaa) pamoja na mboga ya jana iliyokaa humo na kuchemshwa tena vizuri kinatosha kabisa. Kiazi kitamu kilichochemshwa. Mkate na karanga ya kusaga, au mkate na avoka wakati wake. Uji wa mahindi uliotiwa kijiko kikubwa cha karanga ya kusaga, huu ndio ningekupa kama ungekuwa mtoto wa nyumbani kwangu, maana unapikwa kwa dakika kumi, unashuka vizuri hata kwa mtu asiyependa kula mapema, na karanga zinaufanya ukae tumboni. Ukisema asubuhi koo halipokei kitu, anza na nusu kikombe. Baada ya wiki mbili mwili utaanza kudai wenyewe.

Saa sita sasa. Kwa faranga 2,000 hupati sahani ya bukari na samaki, najua. Lakini tazama kilichopo mlangoni pa auditwari. Kuna wale vijana wanaobeba trei za mayai ya kuchemsha, na chumvi na pilipili pembeni. Kuna mama wa karanga na kopo lake. Kuna ndizi. Mayai mawili yana gramu 12 hivi za protini. Konzi moja ya karanga, gramu 30, ina gramu 7 au 8 nyingine na nguvu za kalori 170 hivi. Ongeza ndizi mbili. Hapo una chakula cha mchana kamili, unaweza kukila umesimama, hakina foleni, na bei yake haiko mbali na mandazi manne na sukre. Siku mayai yamepanda, chukua yai moja na uongeze karanga. Siku huna hata hiyo, mkate na karanga bado ni bora mara nyingi kuliko mkate na sukre.

Na karanga usizinunue chuoni kila siku kwa kopo. Jumamosi nenda soko la Kenya, komini ya hapa mjini, ununue za wiki nzima zikiwa mbichi, zikaangwe nyumbani. Utaokoa fedha, na utazichagua mwenyewe. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Karanga iliyoota ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu mdomoni, itupe. Kuna sumu inayoitwa aflatoksini inayotengenezwa na ukungu huo. Ilitambuliwa baada ya batamzinga kwa maelfu kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoharibika. Inaumiza ini, na kwa miaka mingi inaweza kuleta saratani. Kukaanga hakuimalizi. Kwa hiyo usidanganywe na bei ya chini ya karanga zilizovunjika zilizokaa na unyevu wakati wa mvua, na usinunue ya kusaga kwa mtu usiyejua amesaga nini.

Kuna chakula kingine chetu ambacho vijana wa chuo wanakionea haya bila sababu: mafinkubala. Wale viwavi waliokaushwa, uzito wao mkavu zaidi ya nusu ni protini, tena wana madini ya chuma. Ndagala na kapenta wakavu nao vilevile, zaidi ya nusu ni protini. Konzi ndogo ikichanganywa kwenye mboga ya usiku inabadilisha chakula cha nyumba nzima. Nalisema hili kwa sababu ya bukari wetu. Unga wa mahindi una gramu 8 au 9 za protini kwa gramu 100. Wa muhogo una gramu 1 au 2 tu. Mahindi yakipanda bei, nyumba nyingi zinaongeza muhogo kwenye mchanganyiko, na bukari unabaki mwingi, mzito, unashibisha, lakini protini imeondoka kimyakimya. Ukiona nyumbani muhogo umeongezeka, mboga ndiyo inayopaswa kuongezewa nguvu: maharagi, ndagala, kalembula (majani ya viazi vitamu) au sombe (majani ya muhogo) ya karanga. Mwambie mama kwa heshima. Yeye ndiye anayejua mfuko.

Njia nyingine ni kuchanga. Wanafunzi watatu wakiweka faranga 2,000 kila mmoja, mama wa malewa, yule anayeuza chakula cha kupikwa nyuma ya jengo, anaweza kuwapakulia bukari na maharagi mkaongezea mayai, mkala pamoja. Agizeni wakati wa mapumziko mafupi ya asubuhi, mmoja wenu akimbie, mkifika saa sita chakula kiko tayari. Foleni inayowala dakika arobaini ni ya wale wanaofika bila kuagiza. Maharagi ndiyo nyama ya mwanafunzi, nayo yanaachilia nguvu polepole kuliko karibu chochote utakachokipata pale. Kula ushibe kiasi tu: mlima wa bukari saa sita na nusu unalaza hata aliyelala vizuri usiku.

Utaniuliza, si nibebe chakula cha nyumbani? Ndiyo, lakini chagua cha kubeba. Chakula chenye maji maji kilichopikwa, kama wali, maharagi, sombe, samaki, hakitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Wadudu wa kuharisha huzaliana upesi kati ya nyuzi 5 na 60 za joto, na kopo lililofungwa saa kumi na mbili, likakaa kwenye mfuko ndani ya gari lililojaa, mwezi wa kumi jua la Lubumbashi linapochoma kabla ya mvua, limekaa katikati ya nyuzi hizo mpaka saa sita. Wali ni hatari zaidi, maana kuna sumu ya mdudu wake ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Ukiwa na chupa ya moto ya kweli, inayoweka chakula kikiwa kinachoma ulimi mpaka mchana, beba maharagi yako kwa amani. Kama huna, beba vikavu: karanga, mkate, ndizi, avoka isiyokatwa. Kiazi kitamu cha kuchemsha, na yai ndani ya ganda lake, uvile ukifika tu, kabla ya somo la saa mbili, usivisubirishe mpaka mchana. Na mikono. Umeshika mlango wa gari mbili, fedha, benchi, simu. Wakati wa mvua kipindupindu si hadithi katika mji huu. Beba kipande cha sabuni kwenye mfuko wa plastiki. Ukikosa maji ya kutosha, kula vitu vyenye ganda lake, yai, karanga, ndizi, ambavyo unaweza kuvimenya bila kugusa unachokila.

Maji. Sukre ile ulikuwa unainunua kwa sababu ya kiu zaidi kuliko njaa, nadhani. Kupungukiwa na maji hata kidogo, kiasi cha sehemu 2 kwa 100 za uzito wako, kunaharibu umakini na kuleta kuumwa kichwa, na kiu inachanganyikana na uchovu mpaka mtu hajui kipi ni kipi. Chukua chupa ya lita moja kutoka nyumbani, ya maji yaliyochemshwa. Najua wasichana wengi hawanywi maji chuoni kwa sababu hawataki kwenda chooni, na nawaelewa, vyoo vya wanafunzi mara nyingi havina hali. Lakini kujinyima maji siku nzima kunakuletea kichwa kuuma na maambukizi ya njia ya mkojo. Kunywa kidogo kidogo asubuhi, na uende chooni kabla ya kundi la saa sita halijafika.

Kahawa inasaidia, sitakudanganya: kafeini inaziba milango ambayo adenosini ingepitia. Ila haiondoi adenosini, inaificha tu. Nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi jioni kinakunyima usingizi wa usiku, halafu kesho unahitaji viwili. Kama unainywa, iwe kabla ya saa nane mchana. Na vile vinywaji vya chupa na kopo vinavyosifiwa kwamba vinatia nguvu ni sukari na kafeini pamoja. Kwa mwanafunzi mwenye faranga 2,000 ni fedha iliyotupwa.

Sasa ratiba yenyewe. Tangu mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) uingie katika vyuo vyetu, mwaka mmoja unabeba krediti 60, na licence nzima ni 180. Siku zimejaa. Mbaya zaidi ni profesa mgeni akija: somo la saa 45 linabanwa, saa saba kwa siku, linaisha ndani ya wiki moja na siku kidogo. Hakuna akili ya binadamu inayomeza hivyo bila kupumzika. Ukimaliza kula upesi, usitumie dakika zilizobaki kutazama simu. Tafuta kivuli, mti upo Kasapa, ulaze kichwa juu ya mfuko wako, umwambie rafiki akuamshe baada ya dakika 15. Kati ya dakika 10 na 20 ndio usingizi unaosaidia. Ukipita nusu saa utaingia kwenye usingizi mzito, na utaamka mbaya kuliko ulivyolala. Msichana asilale peke yake mahali pa wazi. Mlale kwa zamu, mmoja akilinda mifuko.

Mkirudi ndani, usikae nyuma ukutani. Kaa karibu na dirisha na ulifungue. Watu mia tatu wanaopumua katika ukumbi uliofungwa wanajaza hewa chafu, na hewa hiyo peke yake inapunguza umakini. Nusu ya kwanza ya somo la saa saba, andika kwa mkono. Tena kabla profesa hajaanza, funga daftari la asubuhi, uchukue karatasi tupu, uandike yote unayoyakumbuka ya somo la saa mbili, bila kuchungulia. Dakika tano. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Wengine walisoma tena na tena, wengine walisoma kisha wakajaribu kukumbuka. Baada ya wiki moja waliojaribu kukumbuka walikuwa wamebaki na mengi zaidi, ingawa wale wa kurudia ndio waliokuwa na uhakika zaidi wa kufaulu. Kazi hiyo ya kukumbuka inaamsha pia. Ni vigumu kusinzia ukitafuta neno lililokuponyoka. Na kila dakika tano unazofanya mchana ni dakika ambazo hutazidai usiku, yaani unarudisha usingizi.

Kuhusu asistanti, usibishane naye mbele ya watu. Mwendee baada ya somo pamoja na mkuu wa promosyo yenu, yaani wa darasa lenu, umwambie kwa upole kwamba usafiri unaanza saa kumi na mbili na nusu, na umwombe ruhusa ya kusimama nyuma ya ukumbi dakika chache kichwa kikianza kuanguka. Wengi wanakubali wakielezwa. Waliwahi kukaa kwenye mabenchi hayo hayo.

Nilisema nitaacha moja mwisho. Una miaka 19, wewe ni msichana, unaona damu kila mwezi, unakunywa chai badala ya chakula cha asubuhi, na huli nyama wala maharagi ya kutosha. Ningekuwa nimekukalisha mbele yangu, ningekuvuta kope la chini nitazame wekundu wake kabla ya kukuuliza habari za mandazi. Upungufu wa damu unaleta hasa unachokieleza: uchovu, kusinzia, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, kichwa kizito. Kwa mwanamke asiye na mimba, hemoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, damu imepungua. Kipimo hicho kinafanyika kwenye kituo chochote cha afya chenye maabara. Waambie pia wapime malaria siku hiyo hiyo, maana malaria inaweza kukula damu polepole bila kukulaza kitandani, na waulize kuhusu minyoo. Kama kwenu kuna mtu mwenye anemia ya selimundu, lisemwe wazi.

Usianze vidonge vya madini ya chuma kabla ya kipimo kwa sababu rafiki kakuambia. Unachoweza kuanza leo ni kuitoa chai kwenye chakula: vilivyomo ndani yake vinazuia chuma cha mboga na maharagi kisiingie mwilini. Inywe saa moja au mbili baada ya kula. Penye maharagi, lengalenga au kalembula, kamulia ndimu, au kula pera au chungwa pamoja, kwa kuwa vitamini C inakisaidia chuma kuingia.

Nenda wiki hii, mwanangu, Jumamosi asubuhi ukiwa njiani kwenda kununua karanga. Wakuandikie namba ya hemoglobini kwenye karatasi, usikubali kuambiwa tu "damu iko sawa". Ikiwa chini ya 12, rudi kwa daktari na karatasi hiyo mkononi. Ikiwa sawa na malaria haipo, fuata niliyokuandikia kwa wiki tatu, kisha uniandikie ni saa ngapi unalala na saa ngapi kichwa kinaanza kuanguka.